Saiti za chuma au saiti ya nukta kwenye rivolva? Anza na karatasi ya shabaha

Idi mosi, baada ya watu kumaliza kula, mtoto wa kaka yangu alinifuata barazani hapa Kikwajuni, Unguja, na bahasha mkononi. Anaishi Muscat, ana miaka 48, na huko ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Bastola yenyewe, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 4, imebaki hukohuko klabuni. Alichonijia nacho ni karatasi kumi na moja za shabaha, zimekunjwa vizuri, kila moja ina tarehe na aina ya risasi aliyotumia. Akazitandaza juu ya mkeka, akaweka kikombe cha kahawa pembeni zisipeperuke.

"Ami, nataka kuachana na hizi saiti za chuma nifunge ile ya nukta nyekundu. Wenzangu wengi wamehamia huko. Wewe waonaje?"

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa silaha mpaka nilipostaafu, na swali hili nimeulizwa na wengi. Jibu langu huanza palepale: niache kwanza nizitazame karatasi. Mtu anayelalamikia saiti mara nyingi anasumbuliwa na kitu kingine, ama jicho, ama kidole, ama risasi, ama skrubu iliyolegea. Saiti ya nukta inatibu maradhi mawili matatu, na inayatibu vizuri. Yaliyobaki haiyagusi, na ukiifunga juu yake utakuwa umetoa pesa nyingi na karatasi zako zimebaki vilevile. Ndiyo maana nimeyapanga haya kwa dalili. Tafuta dalili yako, ijaribu, halafu ndipo uamue.

Tuelewane maneno. Saiti za chuma ni mbili: ya mbele, kijino kinachosimama kwenye ncha ya mtutu, na ya nyuma, pengo lililo juu ya fremu, yaani mwili wa bastola, karibu na nyundo. Mlengaji anakiweka kijino katikati ya pengo, vichwa vikiwa sawa, nafasi ya mwanga kushoto na kulia ikiwa sawa. Saiti ya nukta ni kidirisha cha kioo. Taa ndogo inapiga kwenye kioo kilichopinda kidogo, mwanga unarudi jichoni ukiwa umenyooka, na wewe unaiona nukta kama iko mbali, pale penye shabaha. Wazo lenyewe si la juzi. Howard Grubb wa Dublin alilipatia hataza mwaka 1900, kabla hata ya kuwepo betri na taa ndogo za kulifanya liingie kwenye bastola.

Na kabla ya jaribio lolote ninalolitaja hapa: bastola iwe na leseni na iwe mahali inaporuhusiwa kuwa. Isipokuwa kwa jaribio la kupiga kiwanjani, fungua silinda, toa risasi zote, pitisha kidole kila tundu, risasi zipeleke chumba kingine. Rudi uhesabu matundu tena. Hili silifanyii mzaha, na hata mtu awe mkubwa kiasi gani, akilipuuza mbele yangu simsaidii.

DALILI: Kijino cha mbele kina ukungu, shabaha inaonekana safi

Hii ndiyo iliyomleta mtoto wangu, ingawa mwenyewe hakuwa ameitamka hivyo. Alisema "saiti zimechakaa". Saiti ya chuma haichakai kwa miaka sita ya mazoezi ya Ijumaa.

Nikamwambia anyooshe mkono kama ameshika bastola, nikamtilia njiti ya kiberiti katikati ya vidole, kichwa chake juu. Nikamwambia, itazame njiti, nyuma yake utazame mlango wa jirani. "Mlango nauona hadi misumari," akasema, "njiti imevimba, kama ina manyoya." Nikachukua kipande cha boksi la tende, nikakitoboa kwa sindano ya kushonea, tundu la milimita moja na kitu, nikampa achungulie kwa jicho lake la kulengea. Akanyamaza. Kisha akasema, "Ami, njiti imerudi."

Jaribio hilo ni dogo lakini linasema mengi. Tundu dogo linapunguza ukungu unaotokana na jicho kushindwa kulenga umbali. Njiti ikisafika ukichungulia tunduni, tatizo ni la miwani. Isiposafika, au ukiona mwanga unasambaa na rangi zimefifia, usiulize fundi wa silaha. Nenda kwa daktari wa macho, maana huenda ni mtoto wa jicho au jambo jingine linalotaka matibabu.

Chanzo ni umri. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu, haiwezi tena kujikunja kutazama vitu vya karibu. Kijino cha mbele kipo umbali wa mkono ulionyooka, kama sentimita 80 kutoka jichoni. Miwani ya kusomea gazeti au msahafu imepimwa kwa sentimita 40 hivi, kwa hiyo ukiivaa kiwanjani kijino bado kitakuwa na ukungu, na shabaha itapotea kabisa. Watu wengi hujaribu hii miwani, wanaona mambo yamezidi kuwa mabaya, wanaamua kuwa macho hayafai tena. Macho yanafaa. Kinachotakiwa ni lenzi ya umbali wa kijino: nguvu ya +1.00 inaleta macho kwenye mita moja, +1.25 kwenye sentimita 80, juu ya namba yako ya kawaida ya mbali kama unayo. Mwambie mpimaji kwa maneno hayohayo, "nataka kuona wazi kitu kilicho umbali wa mkono wangu", umpimie kwa futi kabisa. Lenzi hiyo iwekwe kwenye jicho la kulengea, na miwani iwe ya kuzuia vipande, kwa sababu rivolva hutema chembe ubavuni, kati ya silinda na mtutu.

Hapa ndipo saiti ya nukta inapokuwa dawa ya kweli. Kwa kuwa nukta inaonekana ikiwa mbali, jicho halilazimiki kuhangaika na vitu vitatu vya umbali tofauti: pengo, kijino na shabaha. Unatazama shabaha tu. Mtu aliyevuka miaka 45, analenga kwa starehe au kwa mashindano, na bastola yake inakubali kufungwa saiti hiyo, simzuii hata kidogo. Namwambia tu ajaribu miwani kwanza, maana miwani inagharimu kidogo na haina betri.

DALILI: Nukta si nukta, ni nyota, au koma, au ni mbili

Walionunua saiti ya nukta hulalamika kuwa wameuziwa mbovu. Mara nyingi haijaharibika. Ukiwa na astigmatizimu, yaani uso wa jicho haukupinda sawasawa, mwanga mkali mdogo unachanika. Taa za gari zinazokuja usiku huziona hivyohivyo, zina miali ya upande.

Njia ya kutambua ni rahisi. Shika saiti peke yake, haijafungwa kwenye bastola, itazame nukta, kisha izungushe saiti polepole kichwa kikiwa kimetulia. Mkia wa nukta ukizunguka pamoja na saiti, kasoro iko kwenye kioo au kimechafuka. Mkia ukibaki palepale, sasa inamisha kichwa begani. Ukizunguka na kichwa, ni jicho lako. Au ipige picha kwa simu: nukta ikitoka duara kwenye picha, saiti haina kosa.

Punguza mwanga kwanza. Wengi wanawasha nukta kwa ukali wa juu kabisa kisha wanalalamika imetapakaa. Ikibaki na mkia, nenda upimwe miwani ya astigmatizimu. Nukta kubwa pia husaidia. Nukta hizi hupimwa kwa dakika za pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii: nukta ya 3 inafunika sentimita 2.2 hivi kwenye mita 25, ya 6 inafunika 4.4. Kwa rivolva ya mita 10 hadi 25 mimi napenda ya 6. Haichoshi jicho, na shabaha ya bastola si ndogo kiasi cha kuzibwa nayo.

Kama yote hayo yameshindikana, rudi kwenye chuma bila kusikitika. Kijino cheusi hakina mwanga wa kuchanika.

DALILI: Risasi zote zinakwenda chini kushoto

Karatasi saba kati ya zile kumi na moja zilikuwa hivi. Yeye anatumia mkono wa kulia. Kwa anayetumia kushoto, fundo la matundu litaangukia chini kulia.

Akaniambia amekwisha isogeza saiti ya nyuma kuelekea kulia mara tatu. Nikamuuliza: na kisha? "Zinarudi, ami. Wiki hii zipo katikati, wiki ya pili zimehama."

Saiti iliyokosea haina wiki nzuri na wiki mbaya. Inakosea mahali palepale kila siku. Kinachobadilika ni mtu. Rivolva ikivutwa triga kwa mvuto mrefu, ule unaoinua nyundo na kuzungusha silinda kwa pamoja, inataka nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5. Nyundo ikiwa imeshavutwa nyuma kwa kidole gumba, triga inakuwa nyepesi, kama kilo 1.5 hadi 2. Bastola yenyewe ina uzito wa kilo moja na kidogo. Yaani kidole kinavuta mara nne au tano ya uzito wa kitu kilichoshikwa hewani. Mkono ukikaza wote pamoja na kidole, au mwili ukijiandaa kwa kishindo kabla hakijatokea, ncha inazama.

Rivolva ina neema moja ambayo bastola za magazini hazina: unaweza kuuficha ukweli ndani ya silinda. Ukiwa kiwanjani, chini ya msimamizi, mpe mwenzako aijaze. Atie risasi tatu na maganda matatu yaliyokwisha kupigwa, azungushe silinda bila wewe kuona, akurudishie. Lenga na uvute. Nyundo itakapoangukia ganda tupu hakutakuwa na kishindo cha kuficha chochote, na utaiona ncha ikichovya mbele ya macho yako. Nimeona watu wazima, wenye miaka kumi ya kulenga, wanashusha bastola na kuitazama kwa mshangao. Hapo ndipo mazoezi yanapoanza.

Sasa, je, saiti ya nukta inasaidia hapa? Haitibu, lakini inaonyesha. Kwa saiti za chuma mtikisiko wa mkono unauona kidogo. Kwa nukta unauona wote, inachezacheza kama taa ya ngarawa usiku. Mwanafunzi anayejua anaacha ichezecheze ndani ya shabaha, anaendelea kuvuta taratibu. Asiyejua anaivizia, nukta ikipita katikati anaikurupukia triga. Karatasi yake itakuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo aliye na dalili hii nampa mwezi mmoja wa kuvuta triga bila risasi, dakika kumi kila siku, ukutani pasipo mtu nyuma yake, sarafu imelala juu ya mtutu karibu na kijino. Sarafu isianguke. Kama bastola ni ya .22, atie risasi bandia za plastiki matunduni, kwa sababu pini ya .22 ikigonga chuma kitupu inaharibu ukingo wa tundu.

DALILI: Fundo ni zuri, limekaa pamoja, lakini liko juu au chini ya ulipolenga

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Zamani nikiwa kijana karakanani, nililetewa rivolva ya .38 yenye saiti zisizosogea, zile ambazo pengo la nyuma limechongwa kwenye fremu yenyewe. Mlalamikaji akasema inapiga chini. Nikaitia kwenye jiliwa, nikachukua tupa, nikakata kijino. Ilipiga sawa siku ile. Mwezi uliofuata zikaja risasi za aina ya kawaida, bastola ikawa inapiga juu kwa kiganja kizima. Risasi za mwanzo zilikuwa nyepesi. Bastola haikuwa na kosa. Ikabidi kijino kipya kichomelewe, na chuma nilichokikata mimi hakikurudi.

Sababu yake ni hii. Rivolva ikipigwa, ncha huanza kuinuka wakati risasi bado iko ndani ya mtutu. Risasi nzito inakwenda polepole, inakaa mtutuni muda mrefu zaidi, inatoka ncha ikiwa imeinuka, inagonga juu. Nyepesi yenye kasi inatoka mapema, inagonga chini. Bastola nyingi za .38 Special zenye saiti zisizosogea zilipangwa kwa risasi ya greni 158, yaani kama gramu 10.2. Ukitia ya greni 110 usishangae ikigonga chini. Badilisha risasi kabla hujagusa tupa.

Kama umeshajiridhisha kwa risasi moja ileile, ukiwa umeegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, na mwenzako mzoefu naye amepiga na kupata fundo palepale, basi ni saiti. Saiti ya nyuma inasogezwa kuelekea unakotaka risasi iende. Ya mbele ni kinyume: kijino kikipunguzwa, risasi hupanda.

Hesabu ya kiasi cha chuma ni hii: umbali wa kati ya saiti mbili, zidisha kwa kosa lililo kwenye karatasi, gawanya kwa umbali wa shabaha. Rivolva ya inchi 4 ina milimita 150 hivi kati ya saiti na saiti. Kama kwenye mita 20 inapiga sentimita 8 chini, ni 150 mara 80, gawanya kwa 20,000: milimita 0.6. Haifiki hata unene wa kadi ya benki! Kata nusu yake, kapige, rudi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini rivolva fupi ya mfukoni ni ngumu kulenga. Ukikosea kukiweka kijino katikati kwa milimita moja tu, bastola ya milimita 150 inakupotezea sentimita 17 kwenye mita 25. Ile fupi, yenye milimita 90 kati ya saiti, inakupotezea 28. Saiti ya nukta inaufuta ugumu huu, kwa sababu hakuna vitu viwili vya kupanganisha. Hiyo ni faida yake ya pili baada ya macho, na ni faida kubwa.

DALILI: Asubuhi inapiga kulia, alasiri kushoto

Jua. Kijino kilichong'aa kinameta upande mmoja, jicho linaona upande unaometa ndiyo kijino chenyewe, linauweka huo katikati. Risasi inakimbia upande wa pili wa jua. Kwenye jua letu hili, na la Muscat ndiyo zaidi, jambo hili haliepukiki kwa chuma kilichochujuka rangi.

Dawa ni masizi. Washa kibatari, utambi upandishwe mpaka utoe moshi, bastola ikiwa tupu na imefutwa mafuta, pitisha kijino juu ya moshi sekunde chache. Kitakuwa cheusi tii, cheusi kisichorudisha mwanga hata kidogo. Ukimaliza kulenga futa. Wazee waliotufundisha walifanya hivi, na sijaona rangi ya kopo iliyoshinda masizi.

DALILI: Unainua bastola, kidirisha ni kitupu, nukta haionekani

Kwanza betri. Nyingi zinatumia CR2032, betri ileile ya mizani ndogo na ya rimoti za gari, sokoni Darajani inapatikana. Ikiwa betri ni nzima, sababu ni mazoea. Kidirisha kimekaa juu kuliko saiti za chuma, na mkono uliozoea chuma unaileta bastola juu mno au ncha haijakaa sawa. Usiitafute nukta ndani ya kidirisha. Kaza macho kwenye shabaha, lete bastola mbele ya macho, nukta itakuja yenyewe. Siku kumi za kuinua na kushusha bila risasi zinatosha kwa wengi.

DALILI: Jana ilikuwa sawa, leo imehama

Skrubu. Kabla ya lolote jingine, skrubu. Saiti ya nyuma inayosogea ina skrubu ndogo mno, na saiti ya nukta inakalia bamba lenye skrubu mbili au zaidi. Risasi ya Magnum, kwa nguvu zake, inazitikisa zote. Kwenye rivolva saiti ya nukta imefungwa kwenye fremu isiyokwenda mbele na nyuma, kwa hiyo haipati pigo linaloipata ile iliyofungwa juu ya slaidi ya bastola ya magazini. Hata hivyo kishindo cha .357 hakina huruma.

Safisha mafuta matunduni, tia gundi ya skrubu ya buluu, kaza kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, acha usiku mzima. Kisha omba rangi ya kucha nyumbani, piga mstari mmoja mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bamba. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka, na umeiona kabla karatasi haijakwambia.

Angalia pia kioo cha mbele. Ikiwa saiti imekaa karibu na pale silinda inapokutana na mtutu, masizi na chembe za risasi zitakitapakaa. Nukta inafifia, mtu anadhani betri. Usikifute kwa shati. Chembe zile zinakwaruza. Pulizia, tumia brashi laini, kisha kitambaa cha miwani.

DALILI: Kioo kina ukungu, chuma kina madoa mekundu

Hii ni dalili ya kwetu visiwani, na ndiyo inayonifanya niwe mgumu kwa anayetaka saiti ya nukta kwenye bastola ya kazi inayokaa hapa Unguja au Pemba. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, na wakati wa masika hata chumvi ya mezani inaloana ndani ya chupa. Silaha inayotoka kwenye chumba cha kiyoyozi na kutolewa nje inatoka jasho papo hapo, kama glasi ya maji ya barafu.

Ukungu ukiwa nje ya kioo, unafutika. Subiri chuma kipate joto la nje, futa, endelea. Ukiwa ndani, kidole hakiufikii: mpira wa kuzibia umekufa na maji yameingia. Saiti hiyo irudishwe kwa muuzaji. Hakuna kuifungua nyumbani. Saiti zilizozibwa pande zote, kama kisanduku, zinavumilia zaidi kuliko zile za kioo kimoja kilicho wazi, ambazo tone moja la mvua likitua penye taa, nukta inageuka fungu la nukta. Anayeng'ang'ania nukta visiwani, namshauri iliyozibwa, na saiti za chuma zibaki chini yake zikionekana.

Kutu hutibiwa kwa mkono, kila siku. Futa jasho, pitisha mafuta membamba ya bunduki, hasa kuzunguka bamba la saiti, ambako chumvi hujificha. Bastola isilazwe ndani ya ala ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuushika. Na mafuta ya nazi yaachwe jikoni. Yanaganda hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ambayo kiyoyozi kinafika bila shida, na yakikaa yanachacha na kunata. Nimewahi kuipokea rivolva ambayo silinda haikuzunguka kwa ajili ya nazi tu.

Ala nayo ipimwe kabla ya kununua saiti: bastola yenye kidirisha juu haiingii kwenye ala ya zamani. Na kuhusu darubini yenye kukuza, hiyo ni ya wawindaji wa bastola kubwa kama .44 Magnum, wanaoegemea kitu. Kwa mikono mitupu inakuza shabaha na inakuza mtetemeko.

Mtoto wangu alizikusanya karatasi zake alasiri ile. Nilimwambia mambo matatu kwa mpangilio: miwani ya umbali wa mkono, mwezi mmoja wa maganda matupu na sarafu, na saiti ya nyuma airudishe katikati alikoitoa. Nukta atainunua baada ya hapo, na nilimwambia wazi kuwa kwa macho ya miaka 48 itamfaa.

Wiki saba baadaye akanitumia picha. Karatasi ya mita 20, mvuto mrefu, saiti zilezile za chuma, fundo la kufunikwa na kisahani cha kikombe cha kahawa, katikati. Chini yake ameandika: "Ami, nimeagiza ile ya nukta, ya 6, iliyozibwa. Fundi wa klabu anauliza kijino cha zamani akitoe au akiache?"

Nikamjibu akiache.